Unachokipenda Kitangulie

Ile siku kaka yangu Murhula aliporudi nyumbani kwetu Kasha, pembeni mwa Bukavu, uso umemshuka, mwanangu, ninaikumbuka kama ya jana. Ninyi leo mnajifunza Kiingereza kwenye simu. Sisi tulikiokota njiani, neno hapa, neno pale.

Murhula alikuwa muuguzi, ndiyo kwanza amepata kazi kwa wageni waliokuwa na ofisi Ibanda, katikati ya mji wa Bukavu. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Mkubwa wa kazi, mama mmoja mzungu asiyejua Kifaransa, alimwuliza: kati ya kubaki Bukavu na kwenda kufanya kazi Luvungi, mbali kule bondeni, unapendelea wapi? Kaka alitaka Bukavu kwa moyo wote. Lakini ile «to» ya Kiingereza aliifikiria kama safari, kutoka huku kwenda kule, akajibu: «I prefer Luvungi to Bukavu.»

Yule mama akasikia kwamba anapenda Luvungi kuliko Bukavu, akashangaa, maana wengi hukimbilia mjini. Akamwuliza kama ana hakika. Kaka hakuelewa kwa nini anaulizwa tena. Akaona haya, akatabasamu, akasema ndiyo. Haya ya msomi, mwanangu, ni nzito kuliko gunia la mihogo. Alipotoka nje, mwenzake akamtakia safari njema ya Luvungi. Hapo ndipo alipojua amesema nini.

Jioni alimweleza Papa yetu, aliyejua Mashi na Kiswahili tu.

«Rudia kule, umuambie.»

«Papa, atanicheka.»

«Unaogopa kuchekwa juu ya neno moja? Na bibi yako akizaa peke yake, utamuambia nini? Kinywa ikipotea njia, miguu iirudishe.»

Asubuhi Murhula alirudi Ibanda, akasema kwa maneno mafupi, kama ya mtoto, kwamba anataka Bukavu, kwamba mkewe yu karibu kujifungua. Yule mama hakucheka. Ila nafasi ya Bukavu alikuwa ameshampa mtu mwingine jana yake jioni. Maji yakimwagika hayazoleki. Alichoweza kumpa ni ruhusa ya kungoja mtoto azaliwe.

Na ruhusa hiyo iliokoa watu wawili. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Sisi wengine tulidhani ni uchungu wa kawaida. Murhula ndiye aliyetambua, akatuhimiza tumbebe mkewe mpaka hospitali. Wakapona wote. Kisha kaka akaenda Luvungi, na mtoto akajifunza kutembea baba yake hayupo.

Basi shika hili. Ukisema «prefer», unachokipenda kitangulie, ifuate «to», halafu unachokiacha: «I prefer tea to coffee» ni maneno ya mpenda chai. Ukisema «would rather», hapo ni «than»: «I would rather stay than go», afadhali nibaki kuliko niende. Lakini ulimi hauna mfupa, hata wa mjuzi huteleza. Ukiulizwa mara ya pili, usikimbilie ndiyo; kuuliza si ujinga. Na ukijua umekosea, rudi siku ileile, kabla watu hawajajenga juu ya neno lako.

Mungu akunyooshee ulimi mbele ya wakubwa, mwanangu, na pale utakapoteleza, akupe moyo wa kurudi.