Moshi Kwenye Mvinyo wa Ihanja

Jumamosi asubuhi nimeondoka nyumbani Mandewa kwa sababu ya simu ya mama mdogo. Mvinyo wake wa kwanza unanuka moshi, na baba mdogo ameshasema umwagwe, mizabibu ing'olewe, shamba lirudi kwenye alizeti. Mizabibu ile mama mdogo kaimwagilia kwa ndoo tangu ikiwa vijiti! Mimi nimefanya kazi Dodoma, kwenye hoteli wanakoonjesha mvinyo. Nikamwambia, "Usimwage hata tone. Nakuja."

Njiani basi lilisimama kila penye mtu na gunia. Nilinuna mpaka mwisho.

Ihanja nikamkuta baba mdogo uani, ananoa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fundi wa kunusa umefika? Nusa haraka, jembe linangoja."

Mama mdogo akanichotea kwenye mtungi mmoja kati ya miwili. Moshi kweli, tena mwingi. Nikaitikisa glasi, nikajilazimisha kusubiri, nikanusa tena. Hapo ikaja asali, zikaja karanga za kukaanga, halafu kitu kama vumbi likipigwa na mvua ya kwanza. Dodoma sijawahi kukutana na harufu hizo kwenye glasi moja.

"Mama, huu mtungi uliufanya nini?"

"Niliufukiza kwa kijinga cha moto, kama kibuyu cha maziwa. Si ndiyo chombo kinakuwa safi?"

"Na ule mwingine?"

"Ule kijinga kilizimika, nikauacha."

Nikaonja wa pili. Hauna moshi, ila umepooza, hauna la kusema. Basi nikachanganya, huo mwingi na wa moshi kidogo. Moshi ukarudi nyuma, asali ikatangulia. Nikampelekea baba mdogo kikombe.

"Mimi sinywi kibuyu."

"Onja kwanza, ndiyo ung'oe."

Akaonja. Akaagiza nyama iliyobaki jikoni, akatafuna, akanywa tena, akanyoosha kikombe.

"Ongeza. Hiki sijakisikia vizuri."

"Na mizabibu?" mama mdogo akamuuliza.

"Kwani hapa nani kataja mizabibu?"

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni nimerudi Mandewa na chupa mbili. Nimejifunza kwamba harufu ya kwanza haitoshi kumwaga mtungi. Ya pili na ya tatu zinataka subira, hata kwa mtu kama mimi. Sijavua viatu, mama mdogo kapiga simu: baba mdogo yuko shambani, anafukuza mbuzi wasile, eti, mizabibu yake.