Mama amechagua sili za gari la baba

Gari la marehemu baba linaweza kuwaka tena. Amesema hivyo leo mchana Fundi Sanga, mwenye gereji hapa Makambako.

Injini yake haina pistoni. Ndani inazunguka pembetatu ya chuma, na kila ncha ina sili inayozuia hewa isivuje. Sili zimeisha, ndiyo maana gari limelala tangu msiba.

Sanga aliweka aina mbili mezani.
Ngumu zinadumu, ila zinakwangua ukuta wa injini, na ukuta mwingine hatuna pa kuupata.
Laini zinaisha zenyewe, ukuta unabaki.

Nikasema ngumu. Nilikuwa nawaza asubuhi za baridi kule Njombe, baba akitoa blanketi juu ya boneti, injini ikilia kama cherehani, sisi watoto wanne tukigombea dirisha.

Mama akauliza, "Mwanangu Sanga, hizi laini zitakaa muda gani?"

"Kwa safari za kanisani, miaka kadhaa, mama."

"Basi zinanitosha. Ukuta mwachie huyu mwanangu anayetaka ngumu, ana watoto wa kuwapakia."

Gereji nzima ikacheka. Mimi pia, baadaye kidogo.

Nyie mngechukua zipi?

Injini inafungwa Jumatano. Jumapili tunampeleka Mama ibadani Wanging'ombe.