Mguu Ambao Sikuuinua

Usiku ule nililala mapema. Sikuwa na homa, sikuwa nimekula kitu cha kunivuruga tumbo. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia ndoto hutafuta chanzo chake sufuriani. Mzee Mbise alinijia, naye alikuwa amezikwa karibu mwaka mzima.

Niseme kwanza alikuwa nani kwangu. Alikuwa saisi mkuu, yaani mkubwa wetu sisi watunza farasi, katika shamba moja chini ya Mlima Meru ambako wageni huja kupanda farasi. Kazi yote ninayoijua alinifundisha yeye. Hakujali sana unavyopanda. Alijali unachofanya ukishashuka.

Alasiri moja nilirudi na farasi jike aitwaye Asali. Nilikuwa na haraka. Kulikuwa na mpira niliotaka kuutazama kilabuni. Nikamtazama kwato tatu. Mguu wa nne, wa nyuma kulia, alikataa kuuinua, nami nikamwacha. Mzee akaniuliza, "Kwato umetazama?"

"Zote nne, mzee."

Kumbe Asali alikuwa amekanyaga msumari wa ua wa zamani. Ulikatikia ndani, tundu likaziba kwa udongo. Alipoanza kuchechemea nikasema ni mwiba, utatoka. Daktari wa mifugo alipokuja kuuchimba ukwato, usaha ulikuwa umeshafika mfupani. Asali akachomwa sindano ya kumpumzisha, akaanguka mbele yetu.

Mama mwenye shamba alituita wote wawili. Akauliza nani alimkagua siku ile. Nikasema, "Mzee aliniruhusu niende. Alisema atamalizia yeye."

Mzee Mbise alinitazama. Hakusema neno. Labda alijua kwamba neno langu na lake yangebaki mawili tu, na mkubwa ndiye hubeba lawama. Aliondoka siku hiyohiyo, baada ya miaka zaidi ya ishirini, nami nikapewa nafasi yake. Haikupita miezi mingi akafa. Mazishini sikwenda. Nilisema nina kazi.

Wiki mbili kabla ya ndoto, binti yake Upendo alikuja kuomba kazi. Msichana yule alikulia kwenye mazizi yale; alianza kuchana farasi kabla hajajua kusoma. Mama mwenye shamba akaniambia, "Mtoto wa yule? Mwambie hakuna nafasi." Nikamwambia. Akanishukuru, akaondoka.

Basi katika usingizi nikajiona narudi na Asali, namwongoza kwa hatamu. Jasho linamtiririka, mvuke unamtoka mgongoni. Mzee Mbise amesimama mlangoni pa zizi na buti zake za mpira na ovaroli la bluu. Sikushtuka. Sikukumbuka kwamba amekufa. Nilikumbuka tu kwamba nina jambo la kumwambia, na jambo lenyewe limenitoka.

"Mvue," alisema.

Nikalegeza mkanda wa tumbo, nikashusha tandiko. Nikamtembeza Asali taratibu uani, tukazunguka, tukazunguka, mpaka pumzi ikamtulia. Nampa maji kidogo, nangoja, namwongeza. Namwosha jasho kwa sifongo, shingo, kifua, pale mkanda ulipombana. Kisha nachukua brashi. Mzee ananifuata nyuma na buti zake hazina sauti. Kila nikipitisha brashi manyoya yanatoka kwa mafungu, na ngozi iliyo chini yake ni baridi kama sakafu. Naendelea kupiga brashi. Naona aibu kuacha.

Sasa hatupo zizini. Tuko chumbani kwa Mzee, chumba ambacho sikuwahi kukanyaga alipokuwa anaumwa, lakini nakijua: kitanda cha mbao, ndoo, bilauri iliyofunikwa kwa kisahani. Asali amesimama kati ya kitanda na ukuta, shingo imeinama kwa sababu ya dari. Hakuna anayeona ajabu.

"Kwato," Mzee anasema.

Nainua mguu wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, safi. Nafika wa nne, nasikia kinywa changu kinasema chenyewe, "Zote nne, mzee."

Anangoja. Nilijua kwamba angeweza kungoja hivyo bila kuchoka, na kwamba hakuna mlango chumbani mle.

Nikainama, nikaushika ule mguu. Kilichonijia mkononi hakikuwa ukwato. Kilikuwa kisigino cha mtu, kikavu, chenye nyufa. Nikainua macho: farasi hayupo. Mzee Mbise amekaa kitandani, na mguu nilioushika ni wake. Katikati ya wayo kuna kichwa cha msumari chenye kutu. Nauvuta kwa kucha. Nauvuta kwa meno. Hautoki.

"Mzee, unaumia?"

"Mimi siumii tena," alisema. "Anayechechemea ni mwanangu."

Mara kuna dirisha, na nje ya dirisha Upendo anapita, ametupa mgongo, anatembea kwa kuvuta mguu mmoja. Nataka kumwita. Kinywa kimejaa kutu.

"Nimwambie nini, mzee?"

"Yaliyotokea."

Nikaamka. Mke wangu, Neema, alikuwa amenishika mabega. "Baba Eliya, unalia nini?" Kwa mara ya kwanza nikamweleza yote, Asali, mpira, uongo wangu. Aliniachia mabega. Kisha akasema, "Na mimi nimekuwa nikiwaringia wenzangu kanisani kwamba mume wangu ni saisi mkuu." Akainuka, akaenda kuwasha moto. Hakuniambia niende wala nisiende.

Kulipokucha nilikwenda kwa Upendo. Alikuwa anafua. Aliniamkia vizuri, nikamwomba aketi, hakuketi. Nikamwambia.

"Baba alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Mama alimuuliza mpaka siku ya mwisho, 'Ulimsahauje mnyama wa watu?' Baba hakumjibu. Sasa Mama hamwamkii mtu, hatoki nje." Alikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaitupa kwenye beseni. "Usiniambie mimi peke yangu. Twende ukayaseme kule ulikosemea uongo."

Tulitembea pamoja mpaka shambani. Mama mwenye shamba alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alinyoosha mkono, nami nikampa funguo za mazizi. Akamgeukia Upendo, akamwomba radhi kwa ajili ya baba yake. Akamuuliza kama bado anaitaka kazi. Upendo akasema anaitaka, ila kwanza mwenye shamba aende mwenyewe nyumbani kwao akamweleze mjane wa Mzee.

Upendo akanisindikiza mpaka getini. Sikutarajia hilo, nikapata moyo. Nikamwambia, "Dada yangu, naomba unisamehe. Baba yako mwenyewe ndiye aliyenijia ndotoni akanituma."

Alinitazama kama baba yake alivyonitazama siku ile.

"Kwako alikuja," alisema. "Kwangu hajaja. Akija akaniambia nikusamehe, nitakusamehe."

Akafunga geti.