Kipande Kilichobaki Ikola

Nilikwenda Ikola kwa sababu nguo za marehemu dada yangu zilikuwa zimenishinda. Mimi ni fundi cherehani hapa Kashaulili, Mpanda mjini, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kushona mifarishi, yale matandiko mazito ya vipande vya vitenge vilivyounganishwa. Dada Veronika alipofariki, binti yake Neema, ninayekaa naye sasa, aliniomba kitu kimoja tu: nimshonee mfarishi wa nguo za mama yake, akajifunike nao shule ya bweni. Nguo zikakaa kwenye mfuko juu ya kabati. Kila nilipozitandaza mezani na kushika mkasi, mkono ulikataa. Nikiharibu, vitenge vingine vya dada nitavipata wapi? Shule zilikaribia kufunguliwa na Neema alikuwa ameacha kuniuliza. Kunyamaza kwake kuliniumiza zaidi.

Ndipo nikamkumbuka Baba Mkubwa Petro, kaka yake marehemu baba, anayeishi Ikola kando ya ziwa. Alikuwa bado anajifunika mfarishi ulioshonwa na bibi kwa mkono. Nilidhani nikiuona nitajua pa kuanzia. Nilipopiga simu alipokea Mama Mkubwa, mkewe.

"We njoo tu," alisema. "Ila uwahi. Mzee hali yake si nzuri."

Asubuhi ya safari kulikuwa na mvua ile nyembamba isiyo na haraka ya kuisha. Nilijifunga kitenge cha dada cha maua ya njano, alichozoea kuvaa kanisani, nikapanda gari la Ikola.

Sibwesa tulikwama kwenye tope. Dereva akatuteremsha wote. Jirani na pale anakaa Mama Sifa, mteja wangu wa siku nyingi, aliyewahi kunitambia kwamba ana mfarishi wa bibi yake. Nikaona nisipoteze muda, nikapiga hodi.

"Mfarishi wa bibi?" Mama Sifa alicheka mpaka akashika mlango. "Mbona nilishaukata, mdogo wangu! Nusu nilishonea kiti cha baiskeli. Nusu ndo hiyo natolea sufuria jikoni."

Akanionyesha. Kilikuwa kitambaa cheusi kwa masizi, kimeungua pembeni, hata rangi zake hazikujulikana tena.

"Usinune bwana," akaniambia. "Nyie wa mjini mnapenda vitu vikuukuu kwa sababu hamlali navyo."

Nilirudi kusukuma gari na wenzangu, moyo mzito kama viatu vyangu.

Alasiri tuliingia Ikola. Dagaa walikuwa wamefunikwa wasinyeshewe, na harufu yao ilijaa kila mahali. Nilipokaribia kwa Baba Mkubwa niliona turubai limefungwa uani na wanaume wamekaa chini yake kimya. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa amefariki asubuhi ile, sisi tukiwa kwenye tope na simu yangu haina mtandao. Nililia pale pale njiani. Nilimlilia mzee, nikaulilia na mfarishi ambao sikujua kama bado nitauona, na sijui kipi nilikililia zaidi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Pole."

"Marahaba, mwanangu. Ndo hivyo, katutoka." Akanishika mkono, akaniingiza ndani. Mfarishi ulikuwa umekunjwa kitini. "Kesho anaenda nao. Kwetu huu haurithiwi. Mwenyewe anafunikwa nao, basi. Bibi yako naye tulimzika na wake."

Nikaelewa kwa nini nimekuwa fundi miaka yote hii bila kuona kazi nzuri za wazee wangu. Ziko ardhini.

"Ila umefumuka hapa kifuani," Mama Mkubwa akaendelea. "Wewe fundi. Nishonee. Asiende na nguo iliyochanika, huko watasema hakuwa na mke."

Nilikaa dirishani, waombolezaji wakiimba nje, nikautandaza magotini. Nilikuwa nimefuata urembo, nikakuta ubishi wa mtu asiyetupa kitu. Katikati palikuwa na kipande kidogo cha kaniki nyeusi, kimezungukwa na pamba nyeupe ya marekani, kisha kanga, kisha shati la mtu, hivyo hivyo mpaka pembeni. Hakuna kipande kilichonyooka. Bibi hakuwa amepanga lolote. Nguo ya mtu ilipochakaa, aliiongeza pembeni.

Pale palipochanika nikaona kwa ndani kuna kitu kingine cha vipande, kimelegea kama chachi.

"Huo ni mfarishi wa utotoni mwao," Mama Mkubwa alisema. "Yeye na baba yako walilala humo. Ulipoisha, bibi akaushonea ndani ya huu."

Baba yangu hakuniachia hata kofia. "Naomba niutoe," nikasema.

Akaweka kiganja juu ya mfarishi. "Ukiutoa, huu utabaki ganda. Mzee atasikia baridi."

Sikuutoa. Nilitaka kuufunga, lakini kitambaa cha juu kilikuwa kimechoka, sindano ikipita kinachanika upya. Kilihitaji kiraka imara. Nilitazama huku na huku, kisha nikatazama kiunoni kwangu.

Mkasi wa mle ndani ulikuwa wa kukatia nyavu, butu kabisa. Nilikata maua ya njano ya dada yangu, yakatoka yamepinda. Nikaziba kifua cha Baba Mkubwa nayo, kwa mishono mirefu kama ya bibi. Mama Mkubwa akapapasa kile kiraka, kisha akakunja mfarishi. Kesho yake tulimzika mzee nao.

Nilirudi Mpanda na kitenge chenye tundu. Njia nzima nilikuwa nikilifunika kwa mkoba, naogopa nitamwambia nini Neema.

Aliliona nikiwa bado mlangoni. "Mama mdogo, nani amekata?"

"Mimi."

Nikamweleza yote: mzee, tope, kaniki ya katikati, na kile kilichokuwa ndani. Alikitandaza kitenge cha mama yake mezani, akapitisha vidole kuzunguka lile tundu lililopinda. Akalia, nami nikalia.

Kisha akaenda kabatini, akauteremsha mfuko na kuchagua gauni jeusi la mama yake, akalisukuma chini ya kitenge mpaka weusi ukajaa tundu lote.

"Basi anzia hapo," akasema.