Ratiba ya Kupumzika

Wifi yangu Redempta hajui kukaa. Nasema hivi kwa upendo, na kwa hasira kidogo pia, maana nimekula kwake, mji wa Crystal, huku ughaibuni tunakoishi, mara zisizo na idadi na sijawahi kumwona akimaliza sahani akiwa ameketi. Anakula amesimama kando ya jiko, huku anakunja nguo za watoto, huku anaongea na mtu wa Moshi kwenye simu. Ni muuguzi katika nyumba ya wazee kule Plymouth, na akiombwa zamu ya ziada hakatai. Kaka yangu Melkiori, mumewe, alishanyamaza siku nyingi. Ukimwambia Redempta apumzike, anakuuliza kwani amekuwa mgonjwa.

Aliyemweza ni binti yake, Tumsifu, mwenye miaka sita. Simu ya Redempta ina mlio wa kumkumbusha kwenda kazini. Ukilia, Tumsifu anaacha alichokuwa akifanya, anakwenda mlangoni, anachukua vile viatu vyeupe vya kazini na kumletea mama yake. Hakuna aliyemfundisha. Mwezi wa kwanza nilimwona akifanya hivyo katikati ya katuni aipendayo, akampa viatu, akasema, "Bye, Mama," akarudi kukaa. Moyo uliniuma. Nikamwambia mama yake, "Wifi, mtoto anakusindikiza kama mgeni."

Maneno yangu huwa hayamwingii, lakini hayo yalimwingia. Baada ya siku mbili alinipigia. Mwezi wa pili shule zingekuwa na wikendi ndefu. Wangekwenda Chicago wote wanne, walale siku mbili kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, wasifanye lolote. Tumsifu ameshaahidiwa kwamba mama ataingia naye majini.

"Na nitakaa, Doris," akaniambia. "Nitakaa mpaka wachoke kuniona."

Jioni akanitumia ratiba. Jumamosi, saa moja kamili, chai. Saa moja na dakika arobaini, kuvaa. Saa mbili na nusu, makumbusho. Eric, mdogo wake Tumsifu, mwenye miaka mitatu, alikuwa amepangiwa hata dakika za kwenda chooni. Kati ya saa tisa na saa tisa na nusu kuliandikwa kwa herufi kubwa: KUPUMZIKA. Nilicheka hadi wateja wakanigeukia pale duka la dawa ninapofanya kazi, Roseville.

Kosa lenyewe lilitokea kanisani. Kwenye ibada yetu ya Kiswahili, kabla ya baraka, mchungaji huwaomba wanaosafiri wasimame waombewe. Mtu mwenye akili na gari kubwa hubaki ameketi. Redempta akasimama. "Tunakwenda Chicago, mtuombee." Melkiori akafumba macho, na sidhani kama alikuwa akiomba.

Chai ya baada ya ibada haijapoa, dada Philister akawa ameshafika na ombi. Ana mzigo mdogo tu wa kijana wake anayesoma kule. Mzigo mdogo, kwa watu wetu, ni ule usioweza kunyanyuliwa kwa mkono mmoja: kiroba cha unga na dagaa. Mwingine akaleta vitenge vya harusi. Wa tatu akaleta sufuria kubwa ya kupikia pilau. Kisha mzee wa kwaya akakumbusha kwamba kuna familia yenye msiba huko, sasa mtu atapitaje Chicago bila kuwapa pole? Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Hadi Alhamisi walikuwa na mizigo saba na nyumba tatu za kutembelea, na zote tatu zilikuwa zimeshapiga simu kuuliza watoto wanapenda kula nini. Na mzigo wa mtu haukataliwi, kwa kuwa kesho wako ndio utakaosafiri kwenye gari la mwenzio. Mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilikuwa nimepenyeza boksi la majani ya chai.

Ratiba ikawa inabadilika kila siku. Kuogelea kukahamishwa kutoka Jumamosi mchana hadi Jumapili asubuhi, halafu mbele yake kukaandikwa "ikiwezekana".

Ijumaa mchana nilikwenda kuwasaidia kupakia. Melkiori alikuwa anahangaika na ile sufuria, akiielekeza huku na huku, haikai. Redempta alikuwa anatoka na kuingia, anatoka na kuingia, koti halijafungwa. Ndipo nikamwona Tumsifu akiliburuta begi lake juu ya theluji, kulirudisha ndani. Lilikuwa begi la nguo za kuogelea na maboya.

"Unalipeleka wapi, shangazi yangu?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu. "It's okay, Auntie. There's no room."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Redempta alisikia. Alikuwa amekumbatia kile kiroba cha unga, akabaki amesimama nacho. Kisha akakaa kwenye ngazi yenye barafu, kiroba mapajani, akaanza kulia kwa sauti.

"Siwezi kuwarudishia watu mizigo yao, Doris. Watanisema mpaka lini?"

Nilikumbuka boksi langu, nikaona aibu.

Jirani yao, Cyrus, Mkenya dereva wa lori ambaye pia tunasali naye, alikuwa anazoa theluji upande wa pili wa uzio. Akaegemea koleo lake.

"Sista, hizo vitu zinaenda Chicago?"

"Zote," akajibu Melkiori.

"Lete. Mimi hudrive Chicago kila Tuesday."

"Kila Jumanne? Mbona hatujawahi kujua?"

"Kwani ushawahi niona nikisimama kanisani?"

Tulicheka sote, Redempta akicheka na kamasi. Cyrus alitutaka tuape kwamba tutafunga midomo, tukaapa. Lakini zilibaki zile nyumba tatu, nazo zingewangoja tu, gari liwe tupu au limejaa. Redempta akafuta uso, akazipigia moja moja: safari imeahirishwa. Wafiwa akawapa pole kwa simu. Kisha akatafuta hoteli katikati ya Saint Paul, dakika ishirini na tano kutoka mlangoni kwake, na safari hii hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi nikawafuata. Nje theluji, ndani joto la bwawa. Redempta aliingia majini kweli, Eric shingoni, Tumsifu akielea kando yake na kucheka. Lakini kila baada ya dakika chache alikuwa anatoka: anapanga taulo, anahesabu ndala, anafuta meza ya watu asiowajua, anarudi majini. Viatu vyake vyeupe vya kazini vilikuwa chini ya kiti. Nikamuuliza kwa nini amekuja navyo hapa.

"Vinafaa kukimbilia."

"Kukimbilia wapi?"

Akarudi kuhesabu ndala.

Saa nne kamili simu ikalia. Haikuwa kazi. Ilikuwa ni ile ratiba, aliyoiweka kwenye simu akasahau kuifuta: mwisho wa makumbusho. Mlio ulikuwa ule ule. Tumsifu akaacha kucheka. Akatoka majini akichuruzika, akaenda hadi kwenye kiti, akachukua viatu, akamletea mama yake kwa mikono miwili.

"Bye, Mama."



"Siendi kazini, mwanangu," akasema Redempta. Tumsifu akatikisa kichwa kukubali, kama anayemfariji mtu mzima, akaendelea kushika viatu.

Redempta akavipokea. Akavitazama kidogo, kisha akavitumbukiza vyote viwili majini. Vikaelea, vikajaa maji, vikazama. Akashuka, akakaa kwenye ngazi ya bwawa, maji yakamfika kifuani, na hakuinuka. Tumsifu aliangalia viatu kwa muda mrefu. Halafu akaingia taratibu, akakaa mapajani kwa mama yake.

Baadaye kijana wa hoteli akaja, akauliza kwa ukali kidogo viatu vilivyomo majini ni vya nani. Tumsifu akamjibu kwa Kiswahili, bila kugeuka.

"Vya mama. Mama haendi."