Lango la Kabuga Lilivyofungwa kutoka Niboye

Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, magari hayatembei Kigali mpaka kazi iishe, na mtaa mzima hutoka na majembe. Christella alibaki nyumbani kwake Niboye kwa sababu alikuwa zamuni: kamera na lango la ghala la kahawa kule Kabuga aliviendesha kwa kompyuta. Majirani walikuwa wakizibua mtaro nyuma ya nyumba wakati Audace alipobisha hodi.

Alimfahamu. Wote wawili walikulia Bujumbura, na Audace alikuwa dereva wa ghala hilohilo hadi alipofukuzwa. Akamfungulia. Nondo ilimpata kwenye paji la uso kabla hajamaliza salamu.

Audace alimburuta kwa nywele hadi kwenye kompyuta. Wenzake walikuwa na lori nje ya ghala. Wapakie magunia watu wakiwa umuganda, watoke barabara zikifunguliwa. Ndani alikuwamo mlinzi mmoja tu, mzee Kubwimana.

"Fungua lango, dada," alisema. "Mzee akinyamaza, hakuna atakayemgusa."

Christella alimjua Kubwimana. Hangenyamaza, nao wangemuua.

Kazi zake zote alizifanya ndani ya Emacs, kihariri cha maandishi ambacho mtu hukitungia amri zake mwenyewe. Neno moja kwenye faili ndilo lililofungua au kufunga lango, na faili lililo kwenye mashine ya Kabuga lilifunguka humo sawasawa na nakala yake ya nyumbani. Kilichoyatofautisha ni jina la mashine tu, kwa herufi ndogo chini ya kioo. Desturi yake ilikuwa kujaribu kila badiliko kwenye nakala ya nyumbani kwanza, na asubuhi hiyo mafaili yote mawili yalikuwa wazi. Akakata shauri: atabadilisha nakala, Audace aone neno limebadilika, na kule Kabuga lango lisitikisike.

Lakini damu ilikuwa imemjaa machoni. Alibonyeza vitufe vya kuvuka kutoka faili moja hadi jingine, asijue kwamba tayari alikuwa kwenye nakala. Akafuta neno moja, akaandika jingine, akahifadhi.

Simu ya Audace ikalia. Akasikiliza, akacheka.

"Kumbe iko kazi ndogo hivi. Na ulikuwa unaringa."

Lango lilikuwa wazi. Kutoka kwenye simu hiyo Christella alimsikia Kubwimana akipiga yowe, kisha fimbo zikimshukia mfululizo. Audace alisogea dirishani kuchungulia majirani, simu ikiwa sikioni. Christella alijifuta macho kwa bega, akalisoma jina la mashine, akatengua alichoandika, akahifadhi tena.

Kule Kabuga lango la chuma lilirudi kwenye reli yake na kumbana mguu mwizi aliyekuwa amesimama langoni akiliongoza lori liingie. Mfupa ulivunjika. Mayowe yake waliyasikia waliokuwa wakifyeka kando ya ukuta, wakaja na majembe. Aliyekuwa akimpiga mzee aliachwa kibarazani akitema meno.

Audace naye aliyasikia. Aliushika mkono wa kushoto wa Christella, akaulaza mezani na kuuponda kwa nondo, akainua tena, akaponda tena. Alipoinua mara nyingine, jirani wa Christella, Gahongayire, aliyekuja kuazima sururu, alimpiga kwa mpini wa jembe. Akaendelea kumpiga akiwa chini, hata wanaume walipokuja kumshika mikono.

Kubwimana alipoteza jicho. Hospitalini alimsifu Christella kwa kila mgeni, kwamba ndiye aliyelifunga lango. Christella alivumilia sifa hizo siku chache, kisha akamwambia ni nani aliyelifungua, na jinsi alivyolichanganya faili la Kabuga na nakala.

Mzee aligusa bandeji ya jicho lake.

"Na siku nyingine utajuaje, mwanangu?"

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki tena. Amri ya kuhifadhi ameihamishia kwenye kitufe kinachofikiwa na kidole gumba, na ameongeza mistari michache: faili la mashine ya mbali likifunguliwa, kioo kizima hugeuka kuwa chekundu. Mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa Kubwimana. Mzee aligeuza kichwa ili atumie jicho lililobaki, akakitazama kioo.

"Hiyo," alisema, "hata mimi naiona."