Rama hakukosea, ile sifuri ilikuwa yangu

Hadi sasa vidole vyangu vinakataa kuandika "marehemu" mbele ya jina la Rama. Juzi tu alinitumia voice note akinicheka eti nimestaafu na bado naamka saa kumi na moja.

Nilipata habari jana asubuhi nikiwa nyumbani Gitothua, huku Ruiru. Kufika kwake Makongeni, Thika, wameshamzika. Sisi kwetu mtu hukaa wiki nzima, kuna mikutano ya jioni, kuna programu, kuna maiki. Waislamu hawangoji. Kwa hivyo eulogy yangu ni hii hapa, mnivumilie.

Ningelia kimya kimya niishie hapo, lakini nimeona Kimani, welder wetu wa zamani, ameandika kwa group: "Poleni familia. Fundi mzuri sana, ingawa siku moja karibu anigeuze nyama choma." Watu wamejaza emoji za kucheka. Mimi sikucheka, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Kwa wasiomjua: miaka ya tisini tulikuwa kiwanda kimoja cha rangi na thinner ya kuyeyushia rangi hapo Thika. Rama ndiye alikuwa fundi wa detector za gesi, zile zinazofungwa ukutani karibu na sakafu kwa sababu mvuke wa thinner ni mzito, hukaa chini, na cheche moja inatosha kuuwasha.

Detector lazima ifanyiwe calibration kila baada ya muda. Ndimi zetu za Thika zikaigeuza "karibresheni", mwishowe watu wakasema tu Rama anakaribisha detector. Alilipenda hilo neno. Alisema ndiyo kazi yenyewe: mgeni wa kwanza ni hewa safi, mashine iseme sifuri. Mgeni wa pili ni gesi ya chupa ambayo kipimo chake unakijua, mashine ikitaje vilevile. Ikidanganya, unageuza skrubu mpaka iseme kweli.

Na hewa safi kwake ilikuwa ya chupa, si ya chumbani. Ukimwambia mbona hapa hakuna harufu, atakujibu kwamba pua ya mtu wa kiwanda cha rangi ilistaafu zamani.

Mimi nilikuwa msichana wa kwanza section ile ya detector, bado niko probation, miezi ya majaribio. Meneja alishasema waziwazi kwamba nikikosea mara moja atanirudisha ofisini kupiga taipu. Rama siku yangu ya kwanza alinipa bisibisi yake ndogo, akaenda kunywa chai. Wengine wangenipa ufagio.

Alikuwa na maringo, msidhani alikuwa malaika. Mwandiko wake kwenye logbook ulikuwa mzuri kuliko wa karani, na ukiweka kikombe cha chai juu ya hiyo logbook mtakosana mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa ile siku. Kimani alikuwa aingie stoo ya thinner kuchomelea stendi ya bomba. Permit, ile karatasi ya ruhusa ya kuchomelea, ilidai detector isome sifuri. Mshale kwenye paneli ya nje ulikuwa umesimama kwa nane, chini ya kiwango cha alarm, haupandi haushuki. Nikajiambia mashine imechoka. Chupa ya hewa safi iko workshop, jua kali, Kimani anahimiza permit itoke. Nikatumia hewa ya pale pale, nikageuza skrubu, mshale ukalala kwa sifuri. Nikasaini permit kwa niaba ya Rama.

Rama alipita akaniuliza nimezero na hewa gani. Nikamwambia. Hakunigombeza. Alikimbia akaleta chupa yake huku Kimani akipanga vifaa, akaifungulia detector hewa safi, mimi nikiwa kwa paneli. Mshale ulishuka chini ya sifuri, nikamwambia kwa radio. Maana yake ile nane ilikuwa gesi ya kweli, na mimi nilikuwa nimeifundisha mashine kuiita hewa.

Nilisikia Rama kwenye radio akimwambia Kimani weka hiyo holder ya kuchomelea chini, toka nje. Kimani alikuwa ameshavaa kofia ya welding. Nyuma ya mapipa tukakuta valvu moja inavuja, sakafu imelowa.

Nilichukua logbook niandike. Rama akainyakua, akaandika kila kitu kama kilivyokuwa, reading zote, saa zote. Halafu mahali pa jina akaweka lake. Nikamwambia hapana. Akasema:

"Wewe wakikutoa hapa, hawataleta msichana mwingine. Mimi watanihamisha tu."

Wakamhamisha kweli. Yeye ndiye alikuwa anangojewa kuwa foreman, wakampeleka stoo ya Ruiru kupokea mapipa. Asubuhi yeye anatoka Makongeni kwenda Ruiru, mimi natoka Gitothua kwenda Thika. Tulipishana njiani miaka hiyo yote.

Wasichana wengine walikuja. Mmoja wao leo ndiye mkuu wa section, na nina hakika hajawahi kusikia hadithi hii.

Mwanzoni nilinyamaza kwa woga wa kazi. Baadaye ikawa aibu, na aibu ikikaa sana inajifanya busara. Nilimwambia mara nyingi nataka kusema ukweli, akawa ananiambia niache, mambo ya zamani, watoto wako hawajambo? Mimi nikawa nafurahi kuachiliwa. Hilo ndilo linaloniuma usiku na mchana tangu jana.

Kimani, rafiki yangu, aliyekaribia kukuua ni mimi. Aliyekutoa mle ndani ni Rama. Ukinichukia ni sawa, lakini hiyo comment uifute.

Rama, kwenye logbook yako yote hukuwahi kuandika uongo isipokuwa mahali pamoja, pale kwenye jina. Nimepasahihisha, nimechelewa mno. Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Lala, jina lako ni safi.

Wanjiku